Kujikuta Chini Bila Kupenda

Vijana wangu mnaoingia katika kazi ya utafiti wa uzee, nawasalimu kwa Assalam aleikum na kwa Tumsifu Yesu Kristo, kila mmoja apokee iliyo yake. Nakaa Majengo, hapa Songea, na siku hizi magoti yangu yanajua mvua inakuja kabla ya redio kutangaza. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwatembelea wazee vijijini, kuwauliza maswali, kuwapima presha na kuwaomba wainuke kwenye kiti. Niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu aliyenipa uwezo ni Mwenyezi Mungu, na kuficha neema yake nako ni utovu wa shukrani.

Nianze na hicho kiti.

Katika utafiti wetu kulikuwa na kipimo kimoja ambacho bado mnakitumia. Mzee anakaa kwenye kiti, anainuka bila kushika kitu, anatembea mpaka kwenye alama uliyochora chini, anageuka, anarudi, anakaa. Wewe umeshika saa, unaangalia ametumia muda gani. Sasa kiti lazima kiwe kilekile kwa wote. Ukimpima huyu kwenye kigoda na yule kwenye kochi la mwanawe, umepima samani, hujapima miguu. Basi mimi nilizunguka na kiti cha mbao kimefungwa kwa mipira nyuma ya pikipiki. Siku ya kwanza naingia Maposeni, bibi mmoja aliyekuwa anapukuchua mahindi barazani akapiga kelele: "Jamani, mwenyekiti amefika!"

Jirani yake akasimama kuchungulia. "Mwenyekiti wa nini?"

"Si huyo! Huoni ndiye mwenye kiti?"

Jina likanata. Mpaka leo nikipita sokoni mtu huniita Mwenyekiti, na wageni hudhani niliwahi kuongoza kijiji.

Bibi aliyenipa jina hilo ndiye hasa ninayetaka kuwasimulia. Nitamwita Bibi Skola. Jina nimelibadili kama kazi inavyotaka, ingawa yeye mwenyewe aliniagiza nisilibadili, alitaka ajulikane. Ila kabla ya kufika kwake niwape mambo mawili matatu ya kushika, maana mzee akiacha kitu cha kusema baadaye hana hakika kama atakikumbuka.

La kwanza ni baridi. Mnaijua Songea ya Juni na Julai. Mwanzoni nilikuwa na haraka, nafika alfajiri, namfunga mzee mkanda wa presha mikono yake ikiwa kama imetoka mtoni. Nikapeleka majibu kwa Daktari Neema, aliyekuwa kiongozi wetu. Akayatazama, akavua miwani.

"Bwana Hamisi, hawa wazee uliwapima wakiwa wanakimbia?"

"Hapana, daktari. Walikuwa wanatetemeka."

Hakunigombeza. Aliniambia nirudi nikawapime upya, na safari hii nikae nao kwanza jikoni penye moto, ninywe uji nikipewa, ndipo nipime. Nilirudi kwa kila mmoja. Toka siku ile sijawahi kumpima mzee kabla mikono yake haijapata joto, na uji nimekunywa mwingi sana.

La pili ni ridhaa. Nilifika nyumba moja, kijana wa pale akanipokea vizuri, akasema, "Mzee wangu hasikii, mwekeshe tu dole gumba kwenye karatasi, hana neno." Nikapiga magoti upande wa sikio linalosikia, nikamweleza yule mzee kila kitu polepole. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia vizuri. Sitaki." Nikamshukuru, nikafunga kiti changu, nikaondoka. Msije mkadhani baadaye alibadili mawazo. Hakubadili hata kidogo, na tulisalimiana kwa upendo mpaka Mungu alipomchukua. Nilipokuwa mtoto kule Nalasi, mwalimu wetu wa madrasa alitufundisha kwamba amana haianzi mpaka mwenyewe akukabidhi kwa hiari yake. Sikujua kwamba alikuwa ananifundisha utafiti.

Sasa Bibi Skola.

Utafiti wetu ulihusu kuanguka. Mzee akianguka akavunjika nyonga, kwa huku kwetu mara nyingi ndiyo safari ya kaburini imeanza. Daktari Neema alitaka kujua kama mazoezi ya miguu, pamoja na kupitia upya dawa anazokunywa mzee, vingepunguza kuanguka. Wazee wengine walianza mapema, wengine, Bibi Skola akiwemo, walipangiwa kuanza baadaye, ili tulinganishe. Mimi nilipita kila mwezi nikiuliza swali lililopangwa: "Tangu tuonane mara ya mwisho, je, umeanguka?"

Majibu yakawa yaleyale kila kijiji. Hapana. Hapana. Sijaanguka. Ungedhani wazee wa Ruvuma wamepandwa ardhini kama nguzo za umeme. Mzee mmoja wa Maposeni, Mzee Kasto, alinijibu kwa ukali kidogo: "Hayo nimeshayapeleka kwa padri. Wewe yanakuhusu nini, tena Mwislamu?" Nilicheka, nikaandika hapana. Nilidhani ananitania.

Bibi Skola naye alisema hapana. Lakini mwili wake ulikuwa unasema jambo lingine. Mwezi mmoja nilimkuta na jeraha la moto kwenye mkono.

"Bibi, hii ni nini?"

"Mbuzi. Alinisukuma nikiwa nasonga ugali."

Mwezi uliofuata, alama nyeusi kwenye shavu.

"Na hii?"

"Si mbuzi yuleyule! Ana roho mbaya huyo."

Mwezi wa tatu alikuwa anachechemea. Hata sikuuliza, akaniwahi: "Mbuzi."

Nikatazama uani. Kulikuwa na kuku, kinu, na kamba ya nguo. Zizi hakuna, kinyesi cha mbuzi hakuna, hata jani lililotafunwa hakuna.

"Bibi, nimpe pole huyo mbuzi. Yuko wapi?"

Akanitazama bila kupepesa. "Tumeshamla."

Mjukuu wake, Veronika, aliyekuwa anaosha vyombo, akainamisha kichwa na mabega yakawa yanatikisika kwa kicheko. Mimi nilicheka pia, lakini njiani nikirudi kicheko kiliisha. Bibi yule alipika mwenyewe, kwenye mafiga matatu, moto uko chini pale anaposimama. Safari moja angeangukia moto mwili mzima, au nyonga ingevunjika, na nyumba ile ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na Veronika. Nilimweleza Daktari Neema. Akafunga faili lililokuwa mbele yake, akasema, "Kesho twende wote."

Tulipofika, Bibi Skola alikuwa ameshajua kuna jambo, akatuanza yeye.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mwenyekiti!"

"Bibi, unajua mimi ni wa Assalam aleikum."

"Najua. Nilitaka nione kama daktari wako atakusaidia kujibu."

Daktari akaitikia, "Milele amina. Shikamoo bibi," akaketi kwenye mkeka, chini kabisa, miguu ameikunja kama mkwe. Akamwomba Veronika atuachie nafasi kidogo. Kisha hakuuliza swali letu. Alisema tu, "Bibi, nieleze huyo mbuzi anavyokuja."

Bibi akaanza kukunja ncha ya kitenge chake na kuikunjua. Baadaye akanigeukia mimi, si daktari.

"Mwenyekiti, yale unayoandika yanakwenda wapi?"

"Yanafungiwa kabatini, bibi. Jina lako halipo, ni namba tu."

"Watu wa Mbinga hawawezi kuyaona?"

"Watu gani wa Mbinga?"

"Waliokuja kumposa Veronika." Akashusha sauti. "Kila mwezi unakuja hapa, unasimama uani, unaniuliza kwa sauti yako ya adhana kama ninaanguka. Majirani wanasikia. Wakwe wakiambiwa bibi yake anaanguka, watasema ukoo huu una kifafa. Nani ataoa hapa? Mimi siangukagi! Anayeanguka ni yule wa kutoka povu. Mimi sina povu, sijajiuma ulimi, akili zangu zote ninazo. Mimi nikisimama ardhi inaondoka tu, najikuta chini bila kupenda."

Daktari Neema akanitazama, nami nikamtazama. Vijana, sijui niwaelezeje. Neno ni la Kiswahili safi, kila mtu anajua maana yake. Lakini huku kwetu ukisema fulani anaanguka, umeshasema ana ugonjwa wa kifafa, na ugonjwa huo watu wanauficha kwa hofu. Mimi nimezaliwa Nalasi, nimelisikia neno hilo kwa maana hiyo tangu sijaota meno ya pili. Lakini nilipovaa koti la kazi, neno nalo likavaa koti, nikasahau linavyoitwa nyumbani. Na papo hapo nikamkumbuka Mzee Kasto na padri wake. Yeye alikuwa amesikia kuanguka dhambini! Nilikuwa nimekwenda kwa Mkatoliki mzee, mara kwa mara, kumwomba aniungamie mimi.

Daktari alimwambia bibi, "Asante. Umetufundisha kitu. Sasa lala hapa mkekani, nikupime."

Hili mlishike sana. Ukimpima mzee presha akiwa amekaa peke yake haitoshi. Mlaze, mwache apumue, usimwongeleshe habari za kodi wala za mkwe, mpime. Kisha asimame, wewe uko karibu mkono umetanda nyuma yake bila kumgusa, umpime tena akiwa wima. Bibi Skola akiwa amelala, presha yake ilikuwa nzuri ya kupendeza. Aliposimama ilishuka kama ndoo iliyokatikiwa kamba, akapepesuka, akanishika bega.

"Huyo! Huyo ndiye mbuzi!" akasema.

Tukamwomba atuonyeshe dawa zake. Akaleta kopo la majani ya chai. Ndani mlikuwa na vidonge vyeupe alivyopewa hospitali moja, na vidonge vya njano alivyopewa zahanati nyingine. Akatueleza kwa fahari kwamba kila asubuhi anakunywa vyote, vyeupe kwa ajili ya presha na vya njano kwa ajili ya presha ya pili. Ilikuwa dawa ileile moja, kiwanda tofauti, rangi tofauti. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kila aliyempa alimpa sawasawa, ila hakuna aliyemwomba afungue kopo. Ndiyo maana nawaambia, msiridhike na kuuliza mzee anatumia dawa gani. Mwambieni alete kopo.

Daktari akaviondoa vya njano palepale, akampangia siku za kurudi, na mimi nikamfundisha zoezi la kushika mwimo wa mlango na kunyanyua visigino. Mafiga tukayahamisha na Veronika, tukayainua juu ya tofali, apike akiwa amekaa.

Njiani nilikuwa na moto. "Daktari, kesho tubadili swali! Niseme kujikuta chini bila kupenda!"

"Bwana Hamisi, swali la utafiti halibadilishwi kama shati."

"Lakini tumeshajua si sahihi."

"Tumeshajua. Sasa tuiandikie kamati ya maadili, tueleze, tusubiri ruhusa. Tukibadili kienyeji, nusu ya majibu itakuwa ya swali hili na nusu ya lile, na hatutajua tunachokijua."

"Na wazee wakiendelea kuanguka huku tunasubiri?"

Akasimamisha gari pembeni ya barabara ili anijibu vizuri. "Matibabu hayasubiri kamati. Bibi tumemtibu leo. Kesho unaanza kuwapima wote wakiwa wamelala na wakiwa wamesimama, na atakayeshuka kama bibi unafungua kopo lake, hiyo tumeruhusiwa tangu mwanzo. Swali ndilo linalosubiri."

Nimefanya kazi na watu wengi, na wengi niliwaheshimu. Huyo nilimheshimu zaidi siku ile, barabarani, vumbi la lori limetufunika wote wawili.

Tulisubiri. Subira nilifundishwa kwa saumu, kwa hiyo niliweza, ingawa si kwa uso wa furaha. Ruhusa ilipokuja, nilikwenda kwanza kwa Mzee Kasto. Nikamsogelea karibu, nikauliza kwa sauti ya chini, maana hilo nalo nilijifunza kwa bibi: "Mzee wangu, tangu tuonane, umewahi kujikuta chini bila kupenda?"

Akaniambia, "Ah! Hiyo mbona kila wakati! Kwenye ule mteremko wa kisimani. Juzi nimeteremka na ndoo kama mtoto kwenye ganda la mgomba."

"Kwa nini hukuniambia siku zote?"

"Hukuniuliza. Wewe ulikuwa unaniuliza dhambi."

Kijiji kwa kijiji, wale wazee waliokuwa nguzo za umeme wakaanza kusimulia. Bafuni, shambani, kwenye ngazi za kanisa, wakati wa kuinuka kwenye sijda. Hapo ndipo utafiti wetu ulipoanza kweli. Mwishoni tukaweza kuonyesha kwamba waliofanya mazoezi na kupitiwa dawa zao walijikuta chini mara chache kuliko wenzao, na wenzao nao wakapewa kama tulivyowaahidi. Daktari Neema alipokwenda kulieleza jambo hilo mbele ya wataalamu, alisema wazi kwamba swali lilitungwa na mshiriki wa utafiti, bibi wa Maposeni. Hakusema lilitungwa na sisi. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, nimevaa kanzu yangu ya Idi, na sikumbuki kama nimewahi kukaa wima namna ile.

Na Bibi Skola? Kipindi hicho chote nilikuwa namtazama kwa hofu. Kila nikiegesha pikipiki macho yangu yalikwenda kwanza kwenye shavu lake, kisha mkononi, kisha kwenye mguu. Mwezi wa kwanza hakuna alama. Wa pili hakuna. Nikimuuliza kwa sauti ya chini, ananijibu kwa sauti ya chini, "Mbuzi ameondoka." Watu wa Mbinga walikuja kumaliza mazungumzo yao, na bibi ndiye aliyetoka kuwapokea, akatembea toka mlangoni mpaka njia panda bila fimbo, amejifunga kitenge kipya, shingo juu. Nilisimuliwa, sikuwepo. Kama angeanguka pale njia panda, mbele ya wakwe, hakuna maelezo ya dawa wala presha ambayo yangesaidia.

Nilialikwa harusini. Bibi alimtuma mtu kuniita mapema, kabla ya Misa, nikashangaa kwa nini. Nilipofika uani nikamwona amesimama amemshika mbuzi kwa kamba, mbuzi dume mnene mwenye ndevu.

"Mwenyekiti, leo yupo kweli," akasema. "Chinja mwenyewe, ili na wewe ule. Na usimwonee huruma, amenisumbua sana huyu."

Nikageuka kibla, nikasoma Bismillahi, na watu wote pale uani wakacheka bila kujua wanachocheka, isipokuwa Veronika, aliyejua yote; alikuwa ndani anavishwa, akacheka kuliko wote.

Bibi Skola aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipofariki alifia kitandani, nyonga zake nzima. Nilikwenda kumzika, nikasimama nyuma wakati wanasali sala zao, nami nikamwombea kwa namna yangu.

Leo mna vishikwambi, majibu yanaruka mpaka Dar es Salaam kabla hujapanda pikipiki. Nafurahi. Viti navyo siku hizi vipo vya kukunja, sisi mgongo wetu ulivikosa.

Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya wazee kwa ajili ya presha yangu. Akanipokea muuguzi kijana, binti wa juzi tu, hanijui na simjui. Akaniamkia, akanishika mikono yote miwili kuona kama ina joto. Akasogeza kiti chake karibu, akatazama kama mlango umefungwa, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Babu, tangu uje mara ya mwisho, umewahi kujikuta chini bila kupenda?"

Hakujua. Alifundishwa hivyo na aliyefundishwa na mwingine. Nilikaa pale nikiisikia sauti ya Bibi Skola ndani ya kinywa cha mtoto ambaye hakuwa amezaliwa tulipokuwa tunahamisha mafiga.

Halafu nikakumbuka kwamba nimeulizwa swali. Nilikuwa na alama nyeusi chini ya kiwiko, nimeifunika kwa mkono wa kanzu. Mke wangu nilimwambia niligonga mlango. Ulimi ulikuwa tayari kabisa kumtaja mbuzi.

"Ndiyo, binti yangu," nikasema. "Ijumaa, msikitini, penye kutawadha. Nilisimama, ardhi ikaondoka."

Akaandika. Akaniuliza dawa zangu, nikamwambia ninazijua zote kwa majina. Akatabasamu kwa adabu, akasema, "Sawa babu, lakini kesho naomba uniletee kopo lenyewe. Sasa lala hapa kitandani nikupime, kisha utasimama taratibu, mimi nipo nyuma yako."

Nikalala. Niliposimama, niliuhisi mkono wake umetanda nyuma yangu bila kunigusa, pale hasa unapotakiwa kuwa.